Mzee wa Jenova

Ukivaa jinzi mbele yake, umeyataka mwenyewe. Atakutazama miguu, atakohoa, kisha atakuuliza kama unajua suruali hiyo imepata wapi jina lake. Ukisema Amerika, umekwisha. Utasimama hapo hapo mpaka ujue kwamba jina limetoka Jenova, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, kwa kitambaa kigumu cha buluu walichokivaa mabaharia na wachukuzi wa huko zamani. Na hiyo Amerika yenyewe, atakwambia, isingejulikana Ulaya kama si baharia mmoja, mtoto wa Jenova. Niliwahi kumwona akimweleza haya mlinzi wa duka moja, Mmarekani mpana kama kabati, kwa Kiingereza cha melini, na yule mlinzi akasikiliza mpaka mwisho.

Tulimwita Mzee wa Jenova. Jina lake la kwenye pasi sitalitaja, maana hata yeye alikuwa halitumii. Alikuwa mtu wa Unguja, baharia ujanani, na miaka ile ya mwisho ya tisini alikuwa akiegesha magari chini ya jengo moja la ofisi mjini Washington. Alikaa ng'ambo ya mto kama sisi wengine, katika magorofa ya upande wa magharibi wa Alexandria. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuwa mapokezi katika hoteli, zamu ya asubuhi, na Jumamosi nilikuwa katibu wa darasa letu la watoto. Najivunia kumjua mzee yule. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nataka kumcheka tu, ingawa kumcheka nitamcheka pia.

Kazini alivaa tai. Gereji nzima ilikuwa na mafuta na moshi, wenzake wamevaa jaketi za kampuni, yeye ndani ya jaketi hiyo ana shati jeupe na tai nyekundu iliyofungwa vizuri. Na alikuwa na namna yake ya kuegesha. Wenzake walipanga magari kwa jinsi yalivyoingia. Yeye alimuuliza kila dereva, kabla hajampa tikiti, atatoka saa ngapi. Wa mwisho kutoka akaenda ndani kabisa ukutani, wa mapema akabaki karibu na mlango. Alisema shehena ya bandari ya kwanza haiwekwi chini ya shehena ya bandari ya mwisho, na asiyejua hilo asipewe hata mkokoteni. Magari yakaingia mengi kuliko msimamizi alivyoona yanawezekana, na hakuna mwenye gari aliyesubiri. Ukimsifu kwa hilo, hakushukuru. Alisema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaenda zake.

Baharia huyu hakujua kuogelea. Samaki hali, anasema alikula vya kutosha kwa maisha mawili. Mwaka mmoja tulipanga kwenda matembezi ya boti katika mto Potomac, familia nzima za darasa, tukamwalika. Akakataa. Mto si maji, alisema, mto ni maji yanayokwenda kazini. Tukaenda bila yeye, na tuliporudi tukamkuta anatungoja kwenye gati, na tai yake, akitupa maelekezo ya namna ya kufunga kamba ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikuwa hodari pia wa kunung'unika kuhusu baridi. Miaka mingi Amerika, na kila Novemba alishangaa upya, kana kwamba ametukanwa.

Lakini habari za Jenova zikianza, baridi huisahau. Hapo ndipo ungemwona mzee amekuwa kijana. Mji ule, alisema, hauna shamba. Milima imeusukuma kwa nyuma mpaka miguu yake imeingia majini, hapana pa kulima hata tuta la mihogo. Watu wake wangekufa njaa au wangekuwa mabaharia, wakachagua la pili. Wakaunda merikebu, wakafika Bahari Nyeusi, wakafika Tunis na Uingereza, wakagombana na Venisi na Pisa kama wake wenza. Na walipoishinda Pisa, waliing'oa minyororo iliyofunga bandari ya wenzao, wakaikatakata, wakaitundika kwenye milango ya mji wao. Ikakaa pale mamia ya miaka. Halafu siku moja wakairudisha. "Hapo," alisema mzee, "ndipo nilipowapenda. Kutundika kila mtu hutundika. Kurudisha ni kazi."

Wenyewe huuita mji wao Mwenye Fahari, na yeye alilitamka hilo kwa Kitaliano polepole, akilishika kama glasi ya thamani. Watoto wakalijua. Ungewasikia ngazini, watoto wa Alexandria, Virginia, ambao mama zao huwasemesha Kiswahili na wao hujibu Kiingereza, wakiitana Superba, Superba.

Darasa lenyewe lilikuwa katika chumba cha chini cha jengo letu, karibu na mashine za kufulia. Saa ya kwanza Kiswahili, saa ya pili historia, na historia aliishika yeye. Alipanga viti mwenyewe. Alivitaka nusu duara, wadogo mbele na wakubwa nyuma, na wa nyuma kabisa wakae juu ya meza. "Nyinyi ndio mji," akawaambia. "Wa mbele gati, wa katikati mapaa, wa juu ngome za mlimani." Mmoja aliyekuwa mrefu akawekwa pembeni kabisa, kushoto kwa mzee, awe mnara wa taa. Halafu yeye mwenyewe akasimama katikati ya nafasi iliyobaki wazi na kuanza kuwaonyesha.

Kwa nini Jenova, na yeye ni mtu wa Unguja? Nilimuuliza hilo mapema, maana katibu huulizwa na wazazi. Akanijibu kwamba watoto wetu wanafundishwa shuleni kuwa ukubwa ni wa nchi kubwa. Yeye alitaka wajue mji mdogo, usio na shamba, wenye watu wachache, unavyoweza kuwa bibi wa bahari. Wakishalielewa hilo, alisema, watageuka wenyewe na kuuliza: na Kilwa je? Na Pate? Na Mombasa, na Unguja? Na kweli waliuliza. Mwaka wa pili tulikuwa tukifundisha Kilwa nusu ya muhula, kwa sababu watoto wameidai.

Wala hakuwafichia ubaya. Merikebu za Jenova, aliwaambia, zilileta tauni Ulaya kutoka Bahari Nyeusi, na watu wake waliuza watumwa kule, kama walivyouzwa watumwa Unguja, wala tusijifanye hatujui. Mama mmoja Mkongo alilalamika kwamba mwanawe amerudi nyumbani anaogopa panya. Mzee akamwomba radhi, lakini Jumamosi iliyofuata akaendelea pale pale alipoachia.

Aliyemtilia shaka alikuwa Baba Zuhura, mtu wa Mombasa, dereva wa teksi, baba wa watoto watatu katika darasa na mjumbe wa kamati. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyedanganywa mara nyingi na watu wazima wenye tai. Siku moja akaleta hoja katika kikao, mzee hayupo.

"Mimi sina neno na mzee wetu, namheshimu," akasema. "Lakini kila mtu hapa Amerika alikuwa mtu mkubwa kwao. Huyu dokta, huyu jaji, na wote twaendesha taksi. Mzee asema alikaa Jenova. Hana picha, hana barua, hana rafiki wa huko hata mmoja. Si aprove tu? Kama ni uongo, basi twafundisha watoto wetu uongo, na njia ya mwongo ni fupi."

Tulibishana sana. Mimi nilimtetea mzee, na nakiri nilimtetea kwa moyo zaidi kuliko kwa hoja. Ikawa mwezi uliofuata nilikuwa na safari ya kwenda Tanga, kwenye harusi ya mdogo wangu, na tikiti yangu ilipitia Milano, na kukaa pale karibu siku mbili. Nilikuwa nimepata pasi ya Kimarekani mwaka ule, viza sihitaji. Kutoka Milano mpaka Jenova ni saa mbili kwa treni. Kamati ikaamua: niende nikaone mambo ni kama anavyosema, nirudi na picha. Nikirudi na ushahidi, mzee aendelee. Nikikosa, apumzike. Neno walilotumia lilikuwa hilo, apumzike, na sote tulijua maana yake. Mtu yule hakuwa na mke wala mtoto nchi ile. Alikuwa na gereji na saa moja ya Jumamosi.

Nikamwendea kumwomba maelekezo, nikamficha habari ya kamati. Alifurahi mno, akakaa kitako kunipa. Ukifika bandarini, alisema, utafute mnara wa taa, uwe mkono wako wa kushoto. Kisha shika mkono wa kulia mpaka mapaa yabanane, utaliona kanisa kuu, la mistari myeusi na myeupe kama punda milia. Nikaandika yote katika kijitabu changu.

Basi nikafika. Nilitoka stesheni, nikateremka mpaka majini, na kila alichosema kilikuwa pale: milima imesukuma nyumba, nyumba zimepandana, ngome juu kabisa. Nilijisikia nimerudi mahali ninapopajua. Mtu akifika bandarini hutazama bahari, nami nikaitazama, nikautafuta mnara kushoto. Haupo. Uko kulia, mrefu, juu ya mwamba wake. Nikasema labda nimesimama mahali pabaya. Nikashika mkono wa kulia kama alivyosema, nikaenda, nikaenda, nikapita feri na malori na nyua za waya, mpaka nikafika pasipo na mapaa wala kanisa, nina njaa na viatu vinanibana. Nikamwonyesha mama mmoja mwenye kikapu neno la kanisa kwa Kitaliano, nililoliandika kijitabuni. Alinishika mabega kwa mikono yake miwili, akanigeuza, mgongo wangu ukawa baharini. Mnara ukawa kushoto. Kule mbali, kulia, mapaa yamebanana.

Nilirudi njia ile yote nikiwaza. Sikutaka kuwaza lakini nikawaza. Nikaingia mitaa ya ndani, vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, vinanuka mkate na mkojo na samaki, jua halifiki chini. Mzee hakuwahi kunisimulia hata kimoja. Nikaingia kanisani. Ndani, upande wa kulia, limesimamishwa kombora, kubwa kama mtu. Katika vita vikuu vya pili manowari za Waingereza ziliupiga mji kutoka baharini, kombora hili likatoboa kanisa, halikulipuka, wakaliweka hapo kama shukrani. Vita hivyo mzee alikuwa amevisimulia darasani mara nyingi, na jinsi wananchi walivyojikomboa wenyewe mwishoni na kuiokoa bandari isilipuliwe. Kombora hili hajalitaja hata siku moja. Na mzee wangu hawezi kuingia mahali penye kombora akanyamaza. Ndipo nikajua. Katika hadithi zake zote za Jenova hapakuwa na mlango uliofunguliwa, hakuna mtu aliyeingia ndani ya chochote. Nilikaa kwenye benchi la kanisa lile, mimi Mwislamu wa Tanga, nikalia.

Harusi ilikwenda vizuri, nilicheza. Niliporudi sikwenda kwa kamati. Nilikwenda gereji, saa ya chakula cha mchana, nikamkuta kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika."

"Umeuona mnara?"

"Nimeuona. Mkono wa kulia."

Gari likaingia, akamuuliza mwenyewe anatoka saa ngapi, akaliendesha mpaka ndani, akarudi kwa miguu polepole. "Kulia," akasema. "Ndiyo. Kwa aliye nchi kavu."

Akanieleza amesimama, mkono juu ya mlango wa kibanda. Alikuwa baharini mapinduzi ya Unguja yalipotokea. Kitabu chake cha ubaharia kilikuwa na muhuri wa serikali iliyoishi mwezi mmoja tu, na meli ilipotia nanga Jenova kwa matengenezo, serikali ile ilikuwa haipo tena. Ofisa aliyesimama ngazini akakigeuzageuza kitabu, akamuuliza nchi hii iko wapi. Wenzake wenye karatasi nzuri wakashuka. Yeye akakaa melini miezi saba, mlinzi wa meli isiyokwenda, mji wote umetandazwa mbele yake. Mzee mmoja wa pale, mchukuzi wa zamani, alikuwa akipanda kila siku kukaa zamu naye. Ndiye aliyemwonyesha kwa kidole, paa kwa paa, kwa Kiingereza kibovu na Kitaliano, mji ule umetokana na nini. Wenzake wawili wasiokuwa na karatasi walitoroka usiku kwa kamba. Yeye hakutoroka. Alisema hakutaka kuingia kama mwizi katika mji anaouheshimu.

"Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimetembea mle," akasema. "Nilisema nimekaa. Lakini niliona mnavyodhani, nikawaacha mdhani. Hilo kosa ni langu."

Hapo nikamwambia habari ya kamati, na nikamwambia kwamba picha ninazo, kila kitu kimo, mnara, kanisa, ngome, na kwamba hakuna atakayejua kama sitasema. Nilikuwa tayari. Hata leo sijutii kwamba nilikuwa tayari.

Akanitazama kwa hasira, mara ya kwanza na ya mwisho. "Wewe ni katibu," akasema. "Usiandike uongo kwa ajili yangu. Jumamosi waite na wazazi."

Jumamosi wakaja wote. Baba Zuhura aliiacha teksi yake nje na kusimama nyuma, mikono kifuani. Mzee akapanga viti kama kawaida, mji wake ukakaa, mnara ukakaa. Akasimama mahali pake akawaambia. Hakuzunguka. Aliwaambia kwamba pale anaposimama kila Jumamosi ndipo ilipokuwa meli, na kwamba hakuwahi kushuka, na kwa nini. Aliwaambia habari ya kitabu na muhuri. Alisema wazazi wao walidhani vingine na yeye hakuwasahihisha, na kwa hilo anawaomba radhi, wao na wazazi. Mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka chumba cha pili, tukaisikia yote.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na moja na hakuwa na adabu ya kunyamaza. "So you never got off?" akauliza. "Not even once?"

"Hata mara moja."

"Then how do you know all that?"

Mzee akafikiri. "Kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama," akasema.

Nikamtazama Baba Zuhura, na kila mtu akamtazama. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumjibu, makali. Akashusha mikono. "Mimi nilitaka proof," akasema. "Mwongo hujiongeza. Mzee amejipunguza mbele ya watoto wetu. Mimi sina swali tena, katibu." Kisha akauliza kama anaweza kukaa asikilize, akatafuta kiti, na kwa kuwa mji ulikuwa umejaa, mzee akamweka juu ya meza, akawa ngome. Siku ile tulisomeshwa minyororo ya Pisa upya. Nimekaa katika madarasa mengi, ya chuo pia, na sijaona mwalimu aliyesimama wima vile.

Walipoondoka tukabaki wawili kukunja viti. Alikuwa amechoka, tai ameilegeza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikampa zile picha. Akazitazama moja moja, upesi, kama mtu anayekagua kazi ya mwingine, akasema naam, naam. Alipofika kwenye picha ya bahari, niliyoipiga kabla sijageuzwa, akasimama. Mbali, nje ya ukuta wa mawimbi, palikuwa na meli imetia nanga.

"Hii sijawahi kuiona," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyo, kwa wao?"

"Ndivyo."

"Sasa wewe niambie. Ulisimama pale nchi kavu. Mtu aliye juu ya meli, anaonekana?"

Miaka yote ile hakuna aliyemwambia kitu cha Jenova, yeye ndiye msemaji. Sasa alikuwa ananingoja mimi. Nilitamani kumpa jibu zuri, lakini alikuwa ameshanikataza uongo.

"Haonekani, mzee," nikasema. "Meli inaonekana. Mtu haonekani."

Akaitazama picha tena, akaikaza tai yake mpaka shingoni.

"Basi," akasema, "walikosa mengi."